Faksi Haijui Kijivu

Ofisi ya mafao haipokei barua pepe.
Inapokea faksi,
na faksi haijui kijivu.

Bi Kalunde ametoka Isevya kwa miguu,
bahasha ndani ya kitenge,
kitenge ndani ya mfuko wa sukari,
vyote kavikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Cheti cha ndoa. Barua ya kustaafu, ya taipureta.
Fomu yenye muhuri wa buluu
na dole gumba la zambarau.
Na picha ya marehemu Lugusha,
gadi wa treni ya mizigo, kofia upande,
anatabasamu kama aliyesamehewa deni.

Naskani. Faili linafunguka na rangi zake zote:
manjano ya karatasi iliyozeekea kabatini,
kutu ya pini,
duara la chai, kikombe cha mwaka gani sijui.
Naiambia kompyuta: geuza.

Watu hudhani kazi yangu ni kubonyeza.
Kuna kizingiti, sifuri hadi mia mbili hamsini na tano.
Kilicho chini yake kinakuwa cheusi,
kilicho juu yake cheupe,
na hakuna ruhusa ya kusimama mlangoni.

Nikiweka mia na ishirini na nane
muhuri unatoweka,
utadhani serikali haikuwahi kupita pale.
Nikipandisha mia na tisini
muhuri unarudi, na chai inarudi nao,
na kila kunjo, na jasho la mkono,
na dole gumba linakuwa tone la lami.
Wakiona lami watasema: haisomeki, leta upya.
Leta upya ni miezi mitatu.

Mia na sitini na tano. Mia na sitini na nane.
Mwanafunzi wa chuo anataka kuchapa; namwambia ngoja.
Mia na sabini na moja:
mistari ya kidole inasimama mmoja mmoja
kama matuta ya karanga baada ya mvua.
"Hapo," asema Bi Kalunde. "Usiguse tena.
Huo mkato ni wa Kaliua, mabehewa yalimbana."

Lakini picha haitaki kizingiti.
Nikiijaribu, Lugusha anabaki kofia
juu ya shimo.
Bi Kalunde anaangalia pembeni, kwenye rafu ya madaftari.

Basi natawanya.
Katika kutawanya kila nukta inadanganya kidogo,
na deni la uongo wake analipa jirani:
aliyepunjwa weupe huku anafidiwa kule,
mstari kwa mstari, nukta elfu moja mia saba ishirini na nane,
mpaka hesabu ya uso itimie.

Anainama, pua karibu iguse karatasi.
"Mbona simwoni? Naona sisimizi."
"Rudi nyuma, mama. Zaidi. Rudi."
Anarudi kinyumenyume, anapita cherehani ya Mwajabu,
anafika kwenye jua la mlangoni, anasimama.

Ananyamaza muda mrefu.
"Nilikuwa namwona hivi hivi," asema.
"Treni ikishatoka stesheni, yeye behewa la mwisho,
anapunga bendera. Anakuwa mdogo.
Anakuwa nukta.
Halafu reli."

Mashine inapiga mluzi wake wa kikohozi.
Ukurasa wa kwanza, umepokelewa.
Wa pili. Wa tatu, na kidole chake.
Wa nne uko nusu, umeme unakatika.

Kofia na macho vimefika Dar es Salaam.
Tabasamu limebaki Tabora.

"Kesho," nasema.
"Kesho," asema, na hakasiriki.
Anaweka mezani chupa ya asali, kizibo kinavuja;
mpaka leo herufi M inagoma kubonyezeka.
Picha ya rangi anairudisha kwenye bahasha.
Ile ya nukta anatoka nayo mkononi,
mkono kaunyoosha mbele, mbali na uso,
anakwenda hivyo hivyo barabara nzima,
na bodaboda zinampisha.