Kisiwa cha Nini

Hoza mwanangu ananiuliza, kikokotoo mkononi:
Mama, kisiwa cha nini?
Maji ya chumvi unayo hapo Raskazone,
bajaji elfu mbili kwenda na kurudi.
Huko wanataka taarifa ya benki,
barua ya mwenyeji,
picha inayoonyesha masikio yote mawili,
na chakula chenyewe, asema, majani na jibini.

Nimenyamaza. Nilikuwa nachambua mchele.
Sababu haziji zimepangwa mstari
kama watoto wa gwaride.

Ya kwanza, kama lazima iwepo ya kwanza:
Irini, mjukuu wa Bwana Stavro, ameniandikia
kwamba Septemba watalii wameshaondoka,
bahari bado ina uvuguvugu
wa maji ya kuogeshea mtoto,
na chumba cha juu kina dirisha na kitanda cha chuma.
Kisiwa kizima unakizunguka kwa miguu
baina ya adhuhuri na alasiri;
ukimsalimu kila mtu, magharibi inakukuta njiani.
Nami nataka kukaa mahali panapokwisha.
Tanga haikwishi. Ukimaliza Ngamiani kuna Mabawa,
ukimaliza Mabawa kuna unayemdai, au anayekudai.

Halafu mbuzi.
Stavro alimwambia baba kwamba mbuzi wa kwao
hupanda juu ya mapaa ya nyumba,
na padri wao mwenye ndevu huwashusha kwa fimbo.
Baba, Mhina wa Pongwe,
mpishi wake miaka kumi na tisa, hakusadiki.
"Mzungu wa mkonge akikumbuka kwao," alisema,
"mkono wake wa chumvi huwa mzito."
Amekufa na shaka hiyo.
Nakwenda kumtazamia.

Na biringanya.
Alifundishwa kuzipanga tabaka kwa tabaka,
nyama katikati, juu uji mzito wa maziwa.
Nyumbani maziwa yalipokosekana, akatia tui.
Sisi watoto wa Barabara ya Kumi na Moja
tulikua tukidhani ni chakula cha Wabondei.
Nataka kukila kwao, bila nazi,
nijue tulichokosa.
Au walichokosa wao.

Na usipokipenda? asema Hoza.
Basi nitakuwa nimekikataa kwa ulimi wangu,
si kwa kusimuliwa.

Iko nyingine, siisemi mbele ya kikokotoo.
Irini ametuma picha ya nyumba:
ghorofa mbili, nyeupe hadi inaumiza macho,
mlango wa buluu, ngazi za nje kumi na nne.
Nimezihesabu.
"Babu aliijenga kwa fedha za Tanga," ameandika,
kwa wema kabisa, kama mtu anayekuonyesha
mche ulioota kutokana na mbegu uliyompa.

Mama yangu alikata mkonge.
Kipande kwa kipande, mafungu hayakwisha,
na mwiba mmoja ulizama kiganjani usitoke;
tuliukuta siku ya kumwosha,
mweusi, mdogo, umetulia kama mwenye nyumba.

Sikwendi kumsuta mtu.
Irini hakuwepo, na aliyekuwepo
amelala chini ya msalaba, nitamwekea ua.
Nataka tu kupanda zile ngazi, moja moja,
goti langu la kushoto likilalamika,
niweke kiganja ukutani, niuone kama una joto.
Nisipoambiwa karibu nitakaa vilevile.
Kisha nipande chumba cha juu, nilale
siku kumi na moja,
kengele ya kanisa inite isiponihusu,
jua lipande mpaka lichoke,
nami nimelala nyumbani kwa Stavro
bila kumpikia mtu chai.

Hayo yote sikuyasema. Nilisema:
Mbuzi, Hoza. Nakwenda kuona mbuzi.

Amenitazama kitambo. Ameweka kikokotoo chini,
akauliza kama Septemba huko kuna baridi,
na kama lile sweta la marehemu bado lipo sandukuni.
Lipo, nikamwambia. Lina tundu la nondo kwenye kwapa.

Nikarudi kwenye mchele.
Iko chenga moja ya jiwe nimeiona ikaniponyoka.
Tutaonana nayo mezani.