Waliohama ni Wao

Ujumbe uliingia saa sita kasorobo usiku,
Kiarabu juu, Kiingereza chini, Kiswahili hakuna:
mteja mpendwa, kesho tunahamia mtandao mwingine.
Namba yako ni ileile. Bei ni ileile.
Huna haja ya kufanya lolote.
Zima simu, iwashe.

Mimi ndiye muuzaji. Duka langu lipo Samail,
kati ya fundi cherehani na muuza malisho ya mbuzi,
upana wake ni mikono yangu miwili nikiinyoosha.
Laini za Tamra nimeziuza miaka mitano,
riyali mbili, dakika tele, na neno langu juu yake:
"Inashika popote."
Neno lile nilikuwa nalitoa bure.

Kufikia Jumanne walikuwa mlangoni kabla yangu.
Dereva wa lori la maji. Kijana wa Sylhet anayehudumia mitende,
simu kaining'iniza shingoni kama hirizi.
Nikazima, nikawasha. Nikatoa kadi, nikaipuliza,
nikairudisha.
Waganga nao hupuliza.

Kisha Bi Thuwayba, ameteremka kutoka juu huko bondeni
kwa gari la mjukuu, simu ndani ya kopo la maziwa ya unga.
"Mwanangu, hii ina nini?
Jana Jumatatu nimesimama palepale pangu,
jikoni, baina ya friji na dirisha,
namtafuta Nunuu, Wete.
Kimya. Kimya kama nimemkosea."

Nikamweleza. Kwamba Tamra haina mnara,
haijapata kuwa nao, hata mmoja.
Ina ofisi, ina rangi ya machungwa,
ina msichana wa kupokea malalamiko,
na mkataba wa kupanga kwenye minara ya watu.
Mkataba umekwisha, mwenye nyumba kapandisha kodi,
mpangaji kafunga mizigo usiku.
Na katika mizigo hiyo, bibi, umo wewe,
na friji yako, na dada yako.

"Na ule wa kilimani, nyuma ya kwangu?"
Ule upo.
"Taa yake nyekundu naiona nikichambua mchele."
Utaendelea kuiona.
Ila hautujui tena.

Alicheka mpaka akashika meza.
Nguo ya kuazima, akasema,
methali hakuimalizia, maana mjukuu alikuwa anasikiliza.
Nikamtajia kampuni kubwa, riyali sita kwa mwezi.
Akahesabu kwa vidole,
akafika cha nne, akavikunja vyote.

Jumatatu iliyofuata nilipanda kwake baada ya isha,
sikuitwa.
Tukaizunguka nyumba, simu mbele,
kama watu wanaotafuta maji chini ya ardhi.
Sebuleni mstari mmoja, ukafa.
Chumba cha wageni, hakuna.
Zizini mbuzi wakatushangaa.
Juu ya paa, nyuma ya tangi, mistari miwili,
nayo ikatulia.

Nikampandishia kiti cha plastiki.
Yeye alipanda na magoti yake,
kila kidato na bismillahi yake.
Ikaita. Ikaita tena.
Kisha Wete ikaitika,
ikauliza upepo huo wote ni wa nini:
"Da Thuwayba, kwani umehama?"

"Mie sijahama," akasema,
akiushika mtandio usipeperuke.
"Waliohama ni wao."

Nikashuka nisisikie mengine.
Kilimani taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka,
kwa ajili ya watu wengine.

Laini za Tamra bado nauza, wanunuzi zinao,
na riyali mbili ni riyali mbili.
Ila lile neno nimelifuta ukutani, kwa kitambaa na mafuta ya taa,
na bado kivuli chake kinasomeka.
Siku hizi mtu akija naiweka kadi mezani,
naifunika kwa kiganja,
namwuliza kwanza:
kwako, ukitaka kupiga simu ile hasa,
huwa unasimama wapi?