Toa Sita

Bi Mwanamkuu wa Kibokoni aliiweka simu juu ya kaunta
kama mtu anayerudisha samaki aliyeuziwa ameoza.
"Yakataa. Tangu juzi yakataa.
Mimi napakua pilau ya watu mia, mwiko hautetemeki,
hiki kijidude kimoja ndicho kisichopakulika?"

Alitaka ile programu ya kuagizia chakula.
Makarani wa Treasury Square hawashuki tena kufuata viazi vya karai;
huviita kwa kidole, vikawafuata ghorofani,
na asiyekuwamo kwenye kioo
hurudi nyumbani na karai lake.

Nikaanza pale tuanziapo sote:
nikaizima, nikaiwasha.
Duara likazunguka, likazunguka,
maandishi yakasema: inasubiri.
"Yamngoja nani?" akauliza.

Bando lilikuwapo, gigi mbili na ushei.
Nikamuunganisha na waifai ya muuza mapazia wa pili
(mwenyewe hajui).
Nikatazama nafasi: imejaa hadi shingoni.
Video za harusi ya Swabra, ya kwanza hadi ya kumi na tisa,
picha mia nne za "asubuhi njema" zenye mawaridi,
na sauti ya dakika kumi na mbili ya dadake aliyeko Lamu
akieleza bei ya nazi.
Nikafuta mawaridi. Kwenye harusi akanishika mkono.
Na nazi pia: "Hiyo bado sijaimaliza."
Nikasafisha kache. Nikatoa laini, nikaipuliza,
jambo lisilo na maana yoyote
ila mteja hupenda kuliona.

Inasubiri.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme simu imezeeka,
ndiyo dua yetu ya mwisho sisi mafundi,
simu yangu ikalia. Nikaiweka kando ya yake.
Yangu: kumi na ishirini.
Yake: nne na ishirini.

Ile nne nilikuwa nimeitazama mara kumi
na mara kumi nikaiona sawa.
Kwani ilikuwa saa ngapi? Saa nne na dakika ishirini.
Jua lilisema hivyo, tumbo lilisema hivyo,
ulimi wangu mwenyewe ulisema hivyo;
ulimi ndio ulionifumba macho.

"Bi, nani aliyeichezea saa?"
"Hakuichezea mtu. Niliitengeneza.
Ilikuwa yasema uongo. Jua likitua yaniambia saa sita,
kana kwamba adhuhuri imerudi kuchukua kitu ilichosahau.
Na Ijumaa yangu huingia Alhamisi magharibi,
haiji usiku wa manane kama mwizi."

Kumbe ndiyo sababu.
Simu ilikuwa imeitangulia dunia kwa saa sita,
ikibisha hodi kwa watu ambao muda huo haujawafikia.
Mlinzi wa huko akatazama saa yake, akatazama ya mgeni,
akafunga dirisha.

Nikairudisha ijipange yenyewe.
Duara likageuka mara mbili, mstari wa kijani ukakimbia,
programu ikapakuka, moto moto.
Bi hakucheka. Aliikazia macho kumi na ishirini na tano
kama mama ambaye mtoto wake
amefundishwa uongo shuleni.
"Sasa umeniharibia."

Nikakata kipande cha plasta,
nikaandika kwa wino mzito, nikabandika mgongoni mwa simu:
TOA SITA.
"Na nikiongeza je?"
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia.
Ukiongeza pia, unafika palepale.
"Basi hawatuzidi kitu," akasema,
akanilipa nusu kwa pesa,
nusu kwa viazi vitatu ndani ya gazeti
na ukwaju kwenye kikombe cha karatasi.

Nilipomaliza kula nikatazama simu yangu.
Imeandika kumi na moja.
Saa tano, nikasema, nikafungua mlango wa feni.
Sikumbuki kutoa.