Mwiko

Mkono huu umeshika mwiko miaka kumi na tisa:
chokaa, mchanga, saruji, maji kwa kiasi,
nyumba za Wete, ukuta wa msikiti kule Konde,
na choo cha skuli ambacho mpaka leo sijalipwa.
Mwiko wa mti sikuujua.
Huo ulikuwa wa mamake Zuwena,
naye yumo ndani, uzazi wa siku kumi na mbili,
ndio maana mie nikavuka na mtoto kuja Unguja,
kanga mbili, bahasha ya vipimo,
na damu yake isiyotaka kutulia.

Nesi Salhina alinifunza kupika kwa maneno manne:
kidogo kidogo, mara nyingi.
Mengine yakafuata. Maji yachemke.
Yai liive mpaka kiini kishikane.
Tunda liwe la kumenywa, na ulimenye mwenyewe.
Vya barabarani, hapana.
Nikashika kama ninavyoshika vipimo:
unga wa mtama konzi mbili,
karanga zisagwe zilainike kama niru,
tui la kwanza, usiondoke jikoni.

Simu za Pemba hazilali.
Shangazi: yai ni mwiko.
Jirani: sukari mwiko, maradhi yale ndiyo chakula chake.
Mtu nisiyemjua, kapewa namba na mtu ninayemjua:
maziwa mwiko, samaki asiye magamba mwiko.
Nikahesabu, ikabaki maji na dua.
Dua hatujaacha.
Ila mzani wa Jumatatu unataka kitu cha kupima.

Kilo kumi na tatu na robo.
Jumatatu ya pili, robo haipo.
Robo ya sukari naijua, hufungwa kwa gazeti,
hutosha kiganjani.
Robo ya mwanangu imekwenda wapi?

Dawa imemchubua kinywa.
Mashavu ndani yamebanduka
kama ukuta uliopakwa rangi ungali na maji.
Kila nikimpacho, anasema, kina ladha ya msumari.
"Umekula msumari lini wewe?"
"Wewe huwashika kwa meno ukipanda ngazi."
Kweli. Nikanyamaza.

Alfajiri, banda la nyuma ya wodi,
mamake Simai alinipa kifumbu chake.
"Chukua, fundi. Mie sina kazi nacho tena."
Nikakipokea kwa mikono miwili.
Kitanda cha saba kilikuwa kinatandikwa.

Siku ile ile Zuwena akasema: nataka urojo.
Ule wa mwenye ndoo ya kijani,
tuliyempita siku tuliyotoka bandarini.
Ndimu, pilipili, embe bichi,
juu ya kinywa kile!
Nikenda kwa Nesi kama mtu anayeomba ruhusa ya kuiba.
Akatazama faili, akacheka kidogo.
"Fundi," akasema, "jenga wa kwako."

Nikajenga.
Viazi vikapondeka, unga wa ngano kijiko,
manjano ya kutia rangi tu,
pahala pa ndimu nikatia tui,
yai lililoiva nikalisagia humo humo.
Nikaupoza mpaka vuguvugu,
maji ya kumkoshea mtoto mchanga.

Akautazama. Rangi ndiyo, akasema.
Kijiko cha kwanza alikiweka kinywani muda mrefu,
nami nikangoja, kama ningojavyo lipu ishike.
Akameza.
Cha pili. Cha tatu.
"Baba, huu si urojo."
"Si urojo."
"Ni uji umevaa nguo za urojo."
Akafungua mdomo tena.

Cha saba kilirudi nusu.
Jumatatu mzani utasema unalolijua.
Nimetoa penseli ya ufundi nyuma ya sikio,
nikaandika pembeni mwa faili, pasipo na mstari:
vijiko sita na nusu.