Hundi za Hombolo

Saa mbili asubuhi. Zabibu zimeshapimwa,
wakulima wamekaa barazani na stakabadhi zao,
na kompyuta ya ushirika, kikongwe cha mwaka tuliovutiwa umeme,
imegoma:
"Programu-jalizi haikupatikana. Uendelee?"

Nikibonyeza ndiyo, inaganda.
Nikibonyeza hapana, inaganda kwa adabu.

Nikaiwasha tupu, bila nyongeza hata moja; ikaamka.
Basi mkosaji yumo kati ya wageni.
Nikawarudisha mmoja mmoja, kama mtu anayeonja chumvi:
wa kalenda, hana neno.
Wa kuchapa, hana neno.
Wa tatu, aitwaye Ndahani: skrini nyeupe pe.

Ndahani ni mhasibu wetu aliyestaafu.
Aliiandika mwenyewe, igeuze tarakimu kuwa maneno
kwenye hundi. Nikampigia Kibaigwa.
"Anatafuta diski D," akasema, nyuma yake mbuzi wakilia,
"na D ilikufa zamani. Mwonyeshe njia mpya.
Hana kosa huyo. Hajaambiwa mmehama."

Nikamwonyesha.
Sechelela Mnyawami, kilo mia tatu na nne:
*Shilingi laki tatu na elfu nne tu.*

Hata ile "tu" ikatoka, na nukta yake.
Nikaita jina la pili upesi,
kabla haijaghairi.