Mkono wa Kushoto

Bwana Eberwin von Wehrau-Lindach,
auzaye bima za magari mjini Kassel,
ameniletea ukoo wake umeviringishwa ndani ya bomba la plastiki.
"Harusi ya binti yangu ni Jumamosi. Usafishe tu.
Usiongeze neno."

Nimeutandaza mezani, nimeukandamiza kwa vitabu vinne.
Ngozi ya ndama. Inanuka stoo ya jibini.
Chini kabisa amelala Ludolf wa Kwanza na deraya yake,
mwaloni umemwotea kiunoni,
shina limempasua, wala hashtuki.

Kisha wanaanza kupanda:
Ludolf Mwenye Mvi, Ludolf Kiguu,
Ludolf aliyeuza msitu akanunua tembo,
tembo akafa kwa baridi,
Ludolf wa Saba aliyetawala siku tisa
(uyoga, wanasema; wengine husema shangazi).
Wanaume wote jina moja,
kana kwamba mama zao walikuwa wakigonga muhuri.

Na hao mama?
Kila mmoja duara dogo, sarafu iliyosuguka:
binti wa fulani, binti wa fulani.
Mmoja ameandikwa "mke", basi,
naye kamwagikiwa chai.

Pamba, na mate kidogo
(ndiyo, mate; sijaona dawa iliyoyapita),
nikafika tawi la kumi na moja.
Kidole kikahisi kabla ya jicho:
hapa pamekwanguliwa kwa kisu.
Nikazima taa kubwa, nikailaza ndogo ubavuni mwa ngozi,
herufi zikasimama kama vipele vya baridi:

Kunigunde Haspel, wa kinu cha chumvi.
Ameolewa kwa mkono wa kushoto.

Ndivyo walivyosema wakubwa wa nchi hii.
Bwana akimpa bibi harusi mkono huu wa pili,
kitanda ni halali, mkate ni halali,
ila jina libaki mlangoni pamoja na viatu vyake,
na watoto wakatafute mti mwingine wa kupanda.

Watatu walikuwa. Nimeyahesabu makovu yao.

Mimi pia ni wa kushoto.
Bi Trautwein, darasa la pili,
aliufunga mkono huu kwenye kiti kwa utepe wa kofia
hadi ule mwingine ukajua kuandika.
Hadi leo ule husaini risiti tu.
Kazi yote hufanya huu.

Ni Alhamisi, mvua inapiga dirisha.
Desturi ni kuziba palipokwanguliwa
kwa unga wa chaki na gundi, ngozi ilingane.
Unga ninao, umo kikombeni, umeanza kukauka.
Nimeuacha ukauke.

Sikuongeza neno. Nimeahidi.
Ila kwenye risiti, chini ya bei,
ule wa kulia umeandika kwa mwandiko wake wa shule:
*Itundikwe karibu na dirisha la magharibi.
Jua la saa kumi na moja liipitie ubavuni.*