Alama

Juzi tumekabidhiwa funguo, Mtaa wa Barton, Hamilton.
Leo simu yatetemeka mfukoni:
mia saba arobaini na mbili
imekuwa mia sita tisini na nane.

Nimekosa nini? Sijachelewa hata siku.
Miaka sita nalipa kadi kabla ya tarehe,
nikila maharage ya kopo
ili niaminiwe na watu nisiowajua.
Wakaniamini. Na kwa kuniamini, wakanipunguza.

Mwanaidi acheka, kaketi juu ya ndoo ya rangi:
"Si ndiyo kukopa harusi?
Basi kubali, bibi harusi kakonda."

Sofa tuliiona dukani, ya kijani.
Muuzaji akanong'ona: saini tu, mwaka mzima bila riba.
Kalamu nilishaishika.
Mwanaidi akanikanyaga mguu.

Kwa hiyo twalia chakula sakafuni,
katika nyumba ambayo mlango, madirisha na ngazi
ni vya benki,
na ndoo ni yetu.
Theluji yaangukia paa,
haiulizi ni la nani.

Mwezi ujao tutalipa. Na ule mwingine.
Namba itapanda
kama mtoto apandavyo ngazi:
kwa magoti.